Bastola ya Rangi ya Zambarau

Ndani ya ukumbi wa maonyesho ya silaha, chini ya zile taa ndefu nyeupe, ungeapa ni nyeusi. Ilikuwa imelala mezani na wenzake kama ishirini, kila moja imefungwa kamba ya plastiki kwenye kifyatulio, na karatasi ndogo ya bei pembeni: dola 450. Muuzaji alikuwa anakula. Nikamwomba nisogee nayo hadi mlangoni, pale jua lilipokuwa linaingia, akaniitikia kwa kichwa maana mdomo ulikuwa umejaa. Nikaigeuza kwenye mwanga. Mtutu ukabaki buluu ya kukaribia nyeusi, silinda vilevile, lakini fremu, kile kiunzi kinachoshika vyote hivyo, ikageuka zambarau mkononi mwangu. Nasema zambarau ya tunda, siyo ya maua: lile lililoiva likaanza kupasuka, linalokuachia ulimi wa ushahidi ukirudi nyumbani na kujifanya hukupanda mti wa watu.

Ilikuwa Blackhawk ya kiwanda cha Ruger, ya mwaka 1976. Mwaka haukunisumbua kuujua, kwa sababu mtutuni kumechongwa maneno ambayo kiwanda kiliyaweka kwenye silaha zake za mwaka ule, kuadhimisha miaka 200 ya uhuru wa Marekani. Nikajaza fomu, muuzaji akapiga simu ya ukaguzi, nikalipa bila kupatana. Kwa mtu aliyezaliwa Tanga, kulipa bila kupatana ni dalili ya ugonjwa, na huu wangu sasa una zaidi ya miaka kumi.

Nakusanya rivolva, yaani zile bastola zenye silinda inayozunguka, ambazo kiwanda chenyewe kilizipa rangi isiyo ya kawaida. Ninaposema rangi simaanishi ya kupaka kwa brashi. Namaanisha kile ambacho kiwanda kiliufanyia uso wa chuma kabla hakijafunga sanduku: kuuchoma, kuuchemsha, kuuchovya, au kuuacha bila kuufanyia lolote.

Najua neno lenyewe linavyosikika nyumbani. Kwetu bastola ina jamaa zake watatu: jambazi, polisi na mheshimiwa. Mtu wa kawaida akisema anazo kumi na nne ndani ya nyumba, tena hazipigi, anazitazama tu rangi, ataandikisha maelezo mpaka kalamu ya askari iishiwe wino. Hapa Houston, ninakofanya kazi ya ufundi viyoyozi tangu 2004, mambo ni tofauti. Kuna hata leseni ya serikali kuu kwa wakusanyaji wa silaha za kale, zile zilizotimiza miaka 50. Ada yake dola 30, inadumu miaka mitatu. Zilizotengenezwa kabla ya 1899 sheria hiyohiyo inazihesabu kuwa za kikale, hazimo hata katika hesabu ya silaha za kawaida. Nilipomweleza mama kwa simu, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama nimekosa stempu za kukusanya.

Lakini ugonjwa huu haukuanzia Texas. Ulianzia Ngamiani, kulekule Tanga, kwenye banda la mjomba wangu.

Mjomba alikuwa anatengeneza patasi za mafundi seremala kutokana na springi za Land Rover zilizokatika. Kazi yangu ilikuwa kuvuta mivuo na kunyamaza. Alikuwa anakichoma chuma hadi kiwe chekundu, anakitumbukiza majini, kinatoka kigumu lakini dhaifu kama kioo, ukikiangusha kinavunjika. Kisha anausugua upande mmoja kwa msasa mpaka ung'ae, anakirudisha karibu na moto, taratibu, na hapo ndipo mchezo ulipokuwa. Ule upande uliong'aa unaanza kupata rangi. Kwanza manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu ya shingo ya njiwa. Rangi inatembea kama inakimbizwa. Mjomba hakuwa na kipimajoto. Rangi ndiyo ilikuwa kipimajoto chake. Ikifika kahawia inayotaka kuwa zambarau, chwaa, majini. Ukichelewa kwa kufumba na kufumbua, patasi imekuwa laini, haikati hata papai.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba ile rangi haimo ndani ya chuma wala haikupakwa juu yake. Chuma kikipata moto hushikana na hewa, kikajivika ngozi nyembamba mno. Mwanga unarudi kutoka juu ya ngozi na kutoka chini yake, na ile miwili ikikutana njiani inafutana rangi nyingine na kuacha nyingine. Ni jambo lilelile la mafuta ya taa juu ya maji ya mvua. Manjano huja kwenye nyuzi joto 220 hivi, zambarau karibu na 280, buluu karibu na 300. Ngozi ikinenepa kidogo tu, rangi inahama.

Kwa hiyo siku nilipoiona kwa mara ya kwanza rivolva ya Colt ya zamani yenye skurubu za buluu inayowaka, nilijua nimeshaiona buluu ile. Kiwanda cha Hartford, Connecticut, kilikuwa kinafanya kwa skurubu mambo ambayo mjomba alikuwa anafanya kwa patasi. Tofauti ni kwamba mjomba alitaka ukali, rangi ikampa habari tu; wao waliitaka rangi.

Fremu ya Colt Single Action Army, ile rivolva ya mwaka 1873 ambayo kila filamu ya wachunga ng'ombe imeivaa kiunoni, ina habari ndefu zaidi. Ukiiona ambayo haijachoka utadhani mtu ameimwagia mafuta ya taa: buluu, kahawia, kijivu na manjano yanatiririka bila mpaka. Walikuwa wanaipanga fremu ndani ya sanduku la chuma pamoja na mkaa wa mifupa na mkaa wa kuni, wanalichoma zaidi ya nyuzi 700 kwa saa kadhaa, kisha wanamwaga vyote kwa mpigo ndani ya maji yaliyokuwa yanapulizwa hewa. Lengo la kwanza lilikuwa ugumu: chuma laini kinakunywa kaboni ya mkaa na kupata ganda gumu juu, ndani kikabaki na ustahimilivu wake. Rangi ilikuja na ugumu huo bila kualikwa, ikapendwa, ikabaki. Na hakuna fremu mbili zinazofanana, kwa sababu hakuna anayeweza kuyaamuru mapovu ya hewa yapite wapi.

Rangi hiyo haipendi jua, haipendi jasho, haipendi kusuguliwa. Nyingi za karne ya 19 leo ni za kijivu kitupu. Ndiyo maana mkusanyaji anayejua kazi yake hutaka kuangalia sehemu zilizojificha, hasa chini ya mbao za mpini, mahali ambapo mkono haukufika kwa miaka 100. Ukikuta huko bado kuna buluu na kahawia, na nje kumefifia kwa mpangilio unaoeleweka, umekuta bastola inayosema kweli. Ukikuta nje kunawaka na ndani kumekauka, jihadhari.

Halafu zipo za kuiga. Ukitumia chumvi za sianidi badala ya mkaa wa mifupa unapata mistari kama ya chui milia, mizuri kwa mbali, lakini ukishaijua huwezi kudanganyika tena. Ruger nao, walipoleta Vaquero mwaka 1993, waliipa fremu rangi za kufanana na zile za kale kwa njia ya kemikali tu. Ninayo moja. Siionei haya, ila naiweka rafu ya chini.

Sasa nirudi kwenye zambarau yangu.

Buluu ya kisasa haitoki kwenye moto wa mkaa. Inatoka kwenye birika. Wanachemsha kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, pamoja na chumvi za naitreti, karibu nyuzi 140, na wanaichovya silaha humo hadi uso wake ugeuke oksidi nyeusi ya chuma. Zamani zaidi palikuwa na tanuru za gesi zilizozungushwa na mifupa iliyoungua na mafuta maalumu, na buluu iliyotoka humo ina kina ambacho birika halijawahi kukifikia; ukiitazama ni kama kuchungulia kisima usiku. Lakini birika ni rahisi na la haraka, na kwa chuma cha kawaida halikosei.

Ruger, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949 na William Ruger na mwenzake Alexander Sturm, haikuchonga fremu zake kutoka kwenye vipande vigumu kama wakongwe walivyofanya. Iliziyeyusha. Unatengeneza mfano wa nta, unaufunika kwa udongo wa kauri, unaichoma nta itoke, unabaki na tundu lenye umbo kamili, unamimina chuma. Ni ufundi wa kale sana, wa wahunzi wa vito, uliohamishiwa kiwandani. Chuma cha kumimina kinahitaji kutiririka hadi kila pembe, na silikoni hukisaidia kufanya hivyo. Silikoni ikizidi, birika linashindwa nguvu. Fremu inatoka na wekundu uliojificha, au inatoka nyeusi safi na kuanza kuugeukia wekundu miaka ikipita. Mtutu haukumiminwa, kwa hiyo wenyewe unabaki na buluu yake. Na fremu ya mpini wa Blackhawk kwa kawaida ni alumini, imetiwa weusi kwa njia nyingine kabisa ya umeme. Bastola moja, weusi wa aina tatu, kila mmoja unazeeka kwa mwendo wake.

Hakuna aliyekusudia rangi ile. Hicho ndicho kinachonivuta. Rangi nyingine zote ni kiwanda kinaongea. Hii ni chuma kilichokijibu.

Wenzangu wengi huku wanakimbilia upande wa pili kabisa, kwenye Colt Python. Ilitoka mwaka 1955 kwa dola 125, na kiwanda kiliisugua hadi ukajiona ndevu zako kwenye mtutu kabla ya kuitia buluu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walijaribu kuivika nikeli isiyotumia umeme, ya kemikali tupu, yenye mng'ao wa kufifia kama sufuria mpya iliyofutwa vumbi, nayo haikudumu sokoni. Leo watu wanalipia maelfu. Mimi nimeishika mara mbili tatu na kuirudisha. Ni nzuri, nakubali. Ni kama bibi harusi. Unampongeza, unaenda zako.

Nikeli nayo ilinifundisha kwa kuniumiza. Bastola yangu ya kwanza kabisa, mwaka 2011, ilikuwa rivolva ya kiwanda cha Smith & Wesson inayong'aa kama kijiko cha wageni. Chini ya mpini, mbele ya namba, palikuwa na herufi V. Nikasoma usiku kucha: V ni Victory, rivolva ya Vita vya Pili vya Dunia, iliyotengenezwa kwa maelfu kwa maelfu kuanzia 1942, nyingine zikaenda kwa jeshi la majini la Marekani, nyingine kwa Waingereza na makoloni yao. Zote zinajulikana kwa weusi wa kukwaruza, usiong'aa, wa fosfeti, kwa sababu vita havisubiri mtu asugue. Na mimi ninayo ya nikeli! Nikajiona nimeokota dhahabu Tanga sokoni.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja niliyekuwa namtengenezea kiyoyozi, fundi mstaafu wa mitambo ya mafuta, mtu wa maneno machache. Aliitazama bila kuigusa.

“Ya mwaka gani hii, kijana?”

“1943, mzee.”

Akaenda chumbani, akarudi na sarafu ya senti tano. Wamarekani sarafu hiyo wanaiita nikeli, kwa jina la madini yake. Akanionyesha nyuma yake, juu ya paa la jumba lililochorwa hapo, herufi kubwa P. Akanieleza: kuanzia 1942 hadi 1945 sarafu hizi hazikuwa na nikeli hata chembe. Zilikuwa na fedha, shaba na manganizi, na hiyo herufi kubwa iliwekwa ili zitambulike. Nikeli yote ilitakiwa vitani.

“Serikali imeinyang'anya sarafu nikeli yake,” akasema, “halafu wewe unadhani waliimwagia bastola ya baharia?”

Kisha akanionyesha mengine, moja moja, kama daktari anayekuonyesha picha ya mapafu yako. Nyundo na kifyatulio vimechovywa nikeli; Smith & Wesson walikuwa wanaviacha na rangi zake za kuchomwa hata kama bastola nzima ni nyeupe. Kingo za maandishi zimeyeyuka kama maandishi ya sabuni iliyoogewa wiki mbili. Matundu ya skurubu yamebonyea pembeni, kazi ya gurudumu la kung'arishia mikononi mwa mtu mwenye haraka. Ilikuwa moja ya zile zilizouzwa baada ya vita, mtu akaichovya nikeli ili ipate mnunuzi. Ilimpata, ikachelewa miaka kadhaa tu.

Bado ninayo. Mke wangu alisema, “Baba Rehema, iuze.” Nikamwambia nikimuuzia mtu bila kumweleza ni wizi, na nikimweleza hainunuliki.

Tangu siku ile naanza na mpini. Nafungua mbao kwa bisibisi inayotosha sawasawa, nachungulia. Smith & Wesson waliporejeshewa bastola na kuitia rangi upya waliweka alama: nyota ndogo karibu na namba, au herufi R-N kwa maana ya nikeli mpya, R-S kwa rangi ya kawaida, yaani buluu. Ukiikuta R-N, kazi ni ya kiwanda lakini si ya kuzaliwa. Wengine hilo linawashusha moyo. Mimi nalipenda, kwa sababu mtu aliifunga bastola yake, akaituma Springfield, Massachusetts, akangoja. Na kiwanda nacho kina kumbukumbu za kale. Ukiandika na kulipa ada unaletewa barua inayosema bastola yako ilitoka lini, ilipelekwa kwa nani, na ikiwa na rangi gani.

Barua ndiyo inayokata shauri kwa zile wanazoziita pinto, kwa jina la farasi wa mabaka: fremu nikeli, mtutu na silinda buluu, au kinyume chake. Za kiwandani zipo. Lakini yeyote mwenye bastola mbili, bisibisi na mchana mrefu anaweza kujitengenezea pinto, na wengi wamefanya hivyo. Bila barua, mimi huihesabu kuwa bastola mbili zilizooana.

Nimechelewa kuelewa kwamba “isiyo ya kawaida” inategemea umesimama wapi. Chukua zile rivolva ndogo za mfukoni za Smith & Wesson za mwisho wa karne ya 19, zinazofunguka kwa juu. Humo nikeli ndiyo ya kawaida. Baruti nyeusi inaacha masizi yanayokula chuma, na mfuko wa suruali una jasho. Nikeli inavumilia vyote viwili. Buluu ndiyo adimu. Nilitembea meza hadi meza katika maonyesho ya Tulsa, Oklahoma, yale yanayofanywa mara mbili kwa mwaka ndani ya ukumbi wa ekari 11, siku mbili, nikitafuta moja tu ya buluu ambayo haijaguswa. Nilirudi na viatu vilivyolegea soli.

Na mwaka 1965 kiwanda hichohicho kilipotoa Model 60, rivolva ya kwanza ya chuma kisichoshika kutu, mchezo wote ulianza kuisha. Chuma chenyewe kikawa rangi. Hakuna mkaa, hakuna birika, hakuna kukosea. Fundi kiyoyozi ndani yangu anashangilia, maana najua kutu inavyokula vitu. Mkusanyaji ndani yangu anaona ukuta mweupe.

Kutu ndiyo adui wa nyumbani. Houston ina unyevu kama Tanga mwezi wa Aprili. Nazitunza ndani ya sefu, hazina risasi, ufunguo naujua mimi na mama Rehema. Ndani naweka vile vifuko vya chembe zinazokunywa maji, nazifuta kwa nta nyembamba baada ya kila kuzishika, na sizihifadhi kamwe kwenye mikoba ya ngozi. Dawa za kulainishia ngozi zinang'oa buluu na kuitia nikeli madoa. Mkono wangu wa kulia una jasho kali kuliko wa kushoto. Nililijua hilo kwa alama ya dole gumba iliyobaki kwenye silinda ya mwaka 1957, na itabaki hapo baada yangu. Ningeweza kuisugua itoke. Ila ukisugua, unaondoa rangi yote pamoja na dole, na hakuna fundi duniani atakayekurudishia buluu ya mwaka ule. Heri alama.

Mwaka jana nilimpigia mjomba kwa video. Macho yamefifia sasa, mjukuu wake akamshikia simu karibu na uso. Nikaitoa ile Blackhawk nje, kwenye jua la saa nne asubuhi, nikaigeuza polepole. Hakuuliza ni ya nini wala inaua nini.

“Hiyo wameikosea,” akasema.

“Ndiyo, mjomba.”

“Moto au maji?”

Nikamweleza habari ya silikoni na birika, kwa Kiswahili cha kuungaunga. Akatikisa kichwa muda mrefu. Akasema chuma cha kumimina hakijawahi kumtii, kisha akaniuliza bei ya gesi huku.

Kila Januari naipiga picha pale pale, dirisha la jikoni, saa ileile, juu ya kitambaa kilekile cheupe, ili nione kama zambarau inaendelea kuiva. Nimefanya hivyo miaka sita. Shida ni kwamba katikati nimebadilisha simu mara mbili, na kila simu ina zambarau yake.